Waheshimiwa wa Kanda ya Ziwa, toeni fidia, msitoboe sheria

Waheshimiwa wabunge wa Mwanza, Mara, Geita, Kagera na Simiyu,

Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Kwa wengine, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi hapa Mwanza. Mashine ninazozishika kila siku zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na nyingi zinatoa moshi kabla hazijapata mwendo. Siku Bunge litakapopitisha sheria ya maana ya kupunguza gesijoto, yaani moshi na hewa zinazoongeza joto duniani, mimi na wateja wangu tutakuwa mbele kabisa kwenye foleni ya watakaoumia mfukoni. Nalisema mapema ili asitokee mheshimiwa akanijibu kwamba watu wa mazingira hawajui bei ya petroli. Naijua kwa lita, na naijua zaidi mteja anapokuja kuniomba nimkopeshe ufundi kwa sababu hela yote imeishia kwenye tangi.

Ninachoandikia ni swali ambalo mabunge mengi yamekwisha kukutana nalo, na letu halitalikwepa. Mswada wa tabianchi ukiletwa, na kundi fulani likasema litauunga mkono iwapo utalegezwa, je, mlegeze au mkatae? Kenya ilipata sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2016. Uganda ikafuata mwaka 2021. Sisi tulio na karibu nusu nzima ya ziwa hili bado tunaegemea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni na mikakati iliyopandishwa juu yake. Iko siku mtaletewa mswada unaojitegemea. Nataka maneno yangu yawafikie kabla ya ya wale wenye mawakili.

Jibu langu ni kwamba mlegeze. Mbunge anayejisifu kuwa hajawahi kukubaliana na mtu sijui alikwenda Dodoma kufanya nini. Ila kuna namna mbili za kulegeza, na zote mbili nimeziona hapahapa mwaloni, tunaposhushia samaki, na sokoni. Moja ni kumlipa anayeumia: ruzuku, mkopo nafuu, muda wa kujipanga, bei ya kifaa kipya kushushwa. Nyingine ni kumwandikia mtu tundu ndani ya sheria, kwamba hii ni ya wote isipokuwa fulani na fulani. Ya kwanza itoeni kwa mikono miwili. Hiyo ya pili ndiyo inayonifanya niandike.

Mnaikumbuka tarehe 1 Juni 2019. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni mwezi Aprili kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni siku hiyo, na siku hiyo ikafika kweli, hata miezi miwili haijatimia. Masoko ya hapa Mwanza, Kirumba walinung'unika, Buzuruga walinung'unika, Igoma ndiyo usiseme. Kisha mifuko mbadala ikajaa na maisha yakaendelea. Sijaona katazo la Serikali lililoshika upesi namna ile. Hapakuwa na mkoa uliosamehewa, wala tajiri wala machinga.

Lakini kanuni zilezile ziliacha mlango kwa vifungashio: plastiki ya kufungia dawa, bidhaa za viwandani, za kilimo, za ujenzi. Ukisoma kwenye karatasi unaona busara. Nani atafunga dripu ya hospitali kwa gazeti? Sokoni ikawa hadithi nyingine. Kile kifungashio chepesi kisicho na mshikio kikaanza kubeba nyanya, kikabeba vitumbua, kikabeba dagaa wa buku. Serikali ikabidi irudi tena na matangazo kueleza kwamba kifungashio hakikuruhusiwa kuwa kibebeo. Nendeni mkasimame kando ya Mto Mirongo baada ya mvua kubwa mtazame kinachoshuka kuelekea ziwani. Mifuko yenye mishikio imepungua, na hilo ni jambo la kujivunia. Vifungashio vipo tele.

Naomba mlitafakari hilo kwa utulivu, maana ndilo somo letu wenyewe wala hatukulisoma kwa wazungu. Tarehe ilifanya kazi. Mlango uliowekwa kwa nia njema ndio uliokula sehemu ya sheria, na waliopita humo hawakuwa wenye viwanda vya dawa walioombewa. Tundu likishakuwepo halichagui wa kupita.

Upande wa pili kuna karabai. Zamani dagaa walivutwa kwa karabai za mafuta ya taa, mtumbwi mmoja na taa zake kadhaa, usiku kucha. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa. Haikuwafikiria wavuvi, ilitaka kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa. Bei ikaruka, na mwenye mtumbwi akaanza kupiga hesabu: taa ngapi, lita ngapi, siku ngapi za giza kabla mbalamwezi haijarudi. Taa za sola na betri zilipoanza kupatikana, hesabu ile ikampeleka huko. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyechomewa kitu.

Ila waliohama kwanza ni wenye mitaji. Wasio nayo waliendelea kununua mafuta ya taa kwa bei mpya, msimu baada ya msimu, kwa sababu seti ya taa na betri inalipwa kwa mkupuo, na mafuta ya taa yananunuliwa kwa chupa. Maskini akalipa zaidi ya tajiri kwa mwanga uleule. Mkopo mdogo, wa kurejeshwa kwa msimu mmoja wa dagaa, ungewavusha wote kwa pamoja, na wala msingelazimika kumwondolea mtu ushuru. Hiyo ndiyo fidia ninayoisema. Haikuwepo.

Na mwaka 2018 tulikuwa na Operesheni Sangara. Sitaki kufukua makaburi. Nyavu haramu zilichomwa moto, na baadhi ya wabunge wa wakati ule walipiga kelele bungeni kwa niaba ya wavuvi. Timba, nyavu haramu zenyewe, zilirudi, na kila mtu mwaloni anajua zilirudi. Mvuvi anapochomewa wavu ambao hajamaliza kuulipia, deni haliungui. Anarudi kwenye kile anachokijua ili alipe. Sheria ile haikuwa na tundu, lakini haikuwa pia na shilingi ya kumtoa mtu kwenye timba na kumpeleka kwenye wavu halali. Kwa hiyo asije mtu akanisoma vibaya akadhani nasema ukali peke yake unatosha.

Nitoke ziwani kidogo, maana wenzetu wameyapitia haya kwa gharama kubwa.

Australia mwaka 2009 serikali yao ilipeleka mswada wa kuwatoza wachafuzi bei ya kaboni. Chama cha Kijani kiliukataa kwa kuwa kiliuona dhaifu, unagawia viwanda vikubwa vibali vingi vya bure vya kutoa moshi. Wahafidhina waliukataa kwa sababu zao nyingine kabisa. Ukaanguka kwenye Seneti. Bei ya kaboni ilikuja kuanza Julai 2012 kwa sheria nyingine, na Julai 2014 serikali iliyofuata ikaifuta. Miaka miwili tu. Huko mpaka leo wanabishana nani alaumiwe. Mimi ningepiga kura ya ndiyo mwaka 2009, uso umekunjamana, kwa sababu kibali cha bure si tundu. Kiwanda kilichopewa kibali bado kinahesabiwa, moshi wake uko kwenye daftari, na idadi ya vibali inaweza kupunguzwa mwaka hadi mwaka. Kiwanda kilichosamehewa kabisa hakina hata ukurasa wake.

Marekani ndiyo funzo chungu zaidi. Mwaka 2022 walipitisha sheria iliyotenga takriban dola bilioni 369 kwa nishati na tabianchi. Seneti iligawanyika 50 kwa 50, ikabidi Makamu wa Rais Kamala Harris apige kura ya kuamua. Kura iliyosubiriwa kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya Seneta Joe Manchin wa West Virginia, jimbo la makaa ya mawe. Bei yake mojawapo ilikuwa kifungu kilichoilazimisha serikali kutangaza vitalu vya mafuta na gesi kabla ya kutoa nafasi kwa miradi mipya ya upepo na jua kwenye ardhi na maji ya umma. Mwaka 2025 upepo wa siasa ukageuka. Sheria iliyosainiwa Julai 4 mwaka huo ikakata nafuu za kodi za jua na upepo, na nafuu ya kununua gari la umeme ikakoma mwisho wa Septemba. Vitalu vya mafuta je? Sheria hiyo mpya iliviongeza.

Nimeliwaza sana hilo nikiwa karakana. Kilichotolewa kwa pesa kiliondoka, kilichotolewa kwa ruhusa kilibaki. Mwingine atasema basi fidia ni kitu dhaifu, na mimi nasema hapo ndipo uzuri wake ulipo. Fidia huombwa upya kila bajeti, hadharani, na kila mwaka mtu anauliza kama bado inahitajika. Ruhusa ikishaingia kwenye kifungu hukaa hapo mpaka mtu apate nguvu ya kwenda kuing'oa, na mwenye kufaidika nayo ana kila sababu ya kuhakikisha mtu huyo hapatikani.

Uingereza walifanya vizuri zaidi mwaka 2008. Walipitisha sheria kwa kura za karibu bunge zima, vyama vyote, ikiweka bajeti za kaboni, yaani ukomo wa uchafuzi wa nchi, za miaka mitano mitano na kamati huru ya kuzikagua. Lengo la kwanza lilikuwa kupunguza asilimia 80 ifikapo 2050, na mwaka 2019 wakalipandisha hadi sifuri halisi, yaani wasitoe gesijoto kuliko inayoondolewa hewani. Njia ya kufika waliiacha wazi wabishane. Hata hiyo haina bima ya milele, maana mwaka 2025 chama cha Conservative kilitangaza kitaifuta kikirudi madarakani. Lakini imepita mikononi mwa serikali za vyama viwili tofauti ikiwa hai, na hiyo peke yake ni kazi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2021 Tanzania iliiambia dunia kwamba itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030. Waheshimiwa, wananchi wengi wakisikia hivyo wanadhani tutapunguza moshi wa leo kwa theluthi. Sivyo. Ni asilimia ya moshi ambao ungekuwepo mwaka 2030 kama tungeendelea bila kufanya lolote, na sehemu kubwa inategemea msaada wa nje. Silaumu, nchi inayoendelea kusambaza umeme vijijini haiwezi kupimwa kwa kipimo cha Ujerumani. Ila sheria haiwezi kuandikwa kwa "kati ya" na "hadi". Chagueni 30 iwe sakafu ambayo hakuna waziri anayeweza kushuka chini yake bila kurudi kwenu, na hiyo 35 iacheni iwe ya kujadiliana na wafadhili. Wekeni pia wazi ile "kama tungeendelea" inapigwaje hesabu. Anayeshika makadirio ya kesho anaweza kuyanenepesha, na punguzo likaonekana kubwa bila bomba hata moja kuzimwa.

Kwenye kupikia mnaelekea vizuri kuliko mnavyopongezwa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 una namba, asilimia 80 ya Watanzania, na una mwaka. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Mitungi ya gesi imeuzwa kwa bei ya ruzuku. Wapo watakaosema gesi ya mitungi nayo ni zao la mafuta, na ni kweli, lakini mama lishe wa Kirumba aliyekohoa moshi wa mkaa miaka yote hana muda wa mjadala huo, wala msitu wa Biharamulo hauna. Hapo kulegeza kwenu nakukubali. Tatizo liko kwenye kujaza. Mtungi wa ruzuku umefika, umetumika, umeisha, umegeuzwa kigoda. Mkaa unauzwa kwa kopo na gesi inadai hela yote kwa mpigo: ni karabai ileile imerudi jikoni. Ruzuku ihamie kwenye ujazo wa pili na wa tatu, na mita za kulipia gesi kidogo kidogo zisambae mpaka Mabatini na Igoma, ndipo mwende kumgusa mwenye gunia la mkaa.

Sasa neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, sehemu kubwa ikiwa kwenye ardhi yetu, na linapita Kagera na Geita kabla ya kukata kwenda mashariki. Mwaka 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, na wengi wetu tuliudhika, kwa sababu wale wanaotukataza walitajirika kwa mafuta na makaa wakati babu zetu wanapiga kasia. Hasira hiyo naielewa na ninayo. Lakini mbunge aliyeunga mkono bomba anaweza pia kuunga mkono sheria ya gesijoto, mradi aseme wazi kwamba ameyafanya yote mawili na kwa nini. Nisichotaka ni kuona mswada ukiwa na kifungu kidogo, ukurasa wa nyuma huko, kinachosema miradi ya kimkakati haihusiki. Ihusike. Ipimwe kama wengine, pampu zake na vipasha joto vyake viingie kwenye hesabu za taifa, na kama mnaona inastahili nafuu, ipeni nafuu yenye kiasi na mwaka wa kuisha.

Najua hoja inayopendwa, kwamba Tanzania inachangia chini ya asilimia moja ya uchafuzi wa dunia, basi walioharibu waanze. Waanze, naam, tena walipe. Mwaka 2009 kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, wakachelewa miaka miwili. Mwaka 2024 Baku wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Pesa hizo zikifika zitamfuata mwenye daftari lililonyooka. Kenya iliporekebisha sheria yake mwaka 2023 iliandika kwamba miradi ya kaboni inayotumia ardhi, kama ya kutunza misitu ili kuuza punguzo la kaboni, iwape wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato. Asilimia hiyo iko ndani ya sheria yenyewe, haingoji hisani ya mwekezaji. Sisi tuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na kanuni hubadilishwa na waziri. Fungu la kijiji nataka lilindwe na kura zenu.

Isitoshe, ziwa halijali tumechangia asilimia ngapi. Karibu asilimia 80 ya maji yake huletwa na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, kwa hiyo mvua ikibadilika ziwa linabadilika. Mwaka 2006 maji yalishuka tukasukuma mitumbwi kwenye matope. Mwaka 2020 yakapanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, yakameza sehemu za kuanikia dagaa na vyoo vya mwaloni pamoja. Mwaka 2024 yakapanda tena. Dagaa asiyepata pa kukauka huuzwa chakula cha kuku, na bei ya chakula cha kuku mnaijua.

Kupunguza uchafuzi kunawezekana kufanywa kwa pamoja na majirani. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kimoja cha salfa kwenye dizeli, sehemu 50 kwa milioni, wakati awali kila nchi ilikuwa na chake na vingine vilikuwa vya kutisha. Walibishana juu ya gharama na ratiba. Hakuna aliyeondoka na dizeli yake chafu ya peke yake.

Kwangu mimi ombi ni hili. Injini za petroli msizisamehe. Andikeni mwaka ambao injini mpya ya aina ya zamani haitaingia tena nchini, mwaka wa mbali kiasi cha kutosha mtu kumaliza kulipia aliyonayo, halafu muweke mfuko wa kubadilishana ambao mvuvi wa kisiwa cha Ukara ataufikia bila kupanda meli mara tatu kufuata saini. Sisi mafundi mtufundishe mashine mpya kabla hazijafika. Mkitupa hivyo, nitakuwa wa kwanza kuwatetea mwaloni mtakapotukanwa, na mtatukanwa.

Mswada ukichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, nakala ya Kiswahili ibandikwe kwenye ofisi za BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, za Kirumba, Igombe, Kayenze, Nansio na Kome. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo kisingizio cha tafsiri hakipo. Pamoja nayo libandikwe jedwali la marekebisho, na kila pendekezo la kumtoa mtu nje ya sheria liwe na jina la mheshimiwa aliyelileta. Msiuharakishe kwa hati ya dharura. Tupeni siku za kusoma; tutakuja na maswali, mengine kwa sauti ya juu, kwa sababu tumezoea kuongea juu ya mlio wa mashine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa injini za mitumbwi, Mwanza